Zabibu, dawa na maziwa ya mama Hombolo

Dodoma zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na mizabibu ya Hombolo haifiki kwenye mavuno bila kupigwa dawa, hasa ya ugonjwa wa ubwiri unga. Mama anayenyonyesha akiuliza kama dawa hizo zinafika kwenye maziwa yake, ana haki ya kujibiwa.

Nyingine hufika. Sugu zaidi ni dawa za zamani za wadudu kama DDT: hujificha kwenye mafuta ya mwili kwa miaka, kisha hutoka na mafuta ya maziwa. Maziwa ya akina mama yaliyokusanywa mwaka 2012 katika hospitali ya Mount Meru, Arusha, yalikutwa na mabaki yake. Sehemu ya DDT huiga homoni ya estrojeni, na estrojeni ikizidi maziwa hupungua. Ndiyo maana mzazi mpya hapewi haraka vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni hiyo. Huko Mexico, utafiti wa 1995 uliona kuwa akina mama wenye mabaki mengi waliacha kunyonyesha mapema, ingawa tafiti za baadaye hazikukubaliana zote.

Usimwachishe mtoto kwa hofu hiyo. Shirika la Afya Duniani bado linashauri maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, kisha kuendelea hadi miaka 2 au zaidi. Maziwa ya kopo yaliyokorogwa kwa maji machafu yanaleta kuhara, na kuhara hakusubiri miaka.

Kazi iko shambani na nyumbani. Anayenyonyesha asichanganye dawa wala kubeba bomba, na asiingie shambani kabla ya muda ulioandikwa kwenye kibandiko kuisha. Nguo za mpigaji dawa zifuliwe peke yake, mbali na nepi za mtoto. Na kwa maoni yangu azifue mwenyewe, kwani mikono anayo. Asimbebe mtoto kabla ya kuoga. Maji ya kusuuzia bomba yasimwagwe bwawani. Dumu la dawa halisafishiki hata kwa majivu: litobolewe, lisije likawekwa mafuta ya kula. Tena, usijikondeshe ghafla wakati wa kunyonyesha, maana mafuta yanayoyeyuka huachia kilichohifadhiwa humo.

Mtu akipatwa na kizunguzungu, mate yakimtoka na jasho jingi baada ya kushika dawa, mkimbizeni kituo cha afya pamoja na kibandiko cha dawa hiyo. Mganga ataanzia hapo.