Dondoo muhimu: Springi za nyuma kwa pikapu inayovuta tela

Kabla ya kwenda dukani, pima. Gari likiwa tupu mahali tambarare, chukua futi kamba upime kutoka katikati ya gurudumu la nyuma hadi ukingo wa bodi juu yake. Funga tela lenye mzigo wako wa kawaida, upime tena. Tofauti hiyo ndiyo ya kumwonyesha muuzaji. "Nipe ngumu" haimsaidii.

Tela la kilo 1,500 lililopakiwa vizuri hukandamiza ndoano kwa takriban asilimia 10 ya uzito wake, yaani kilo 150. Ndoano iko nyuma ya ekseli, kwa hiyo springi hubeba zaidi ya hapo. Jumlisha na mzigo wa bodini.

Chagua kwa uzito wa kila siku, si ule wa mara moja kwa mwaka. Springi ngumu mno hurusharusha mkia gari likiwa tupu, na kwenye tope utajuta.

Kuongeza jani moja kwenye springi ya zamani ni nafuu, lakini majani yaliyochoka hubaki yamechoka. Ukibadilisha, badilisha pande zote mbili, kwa yubolti mpya.

Hilux nyingi zina vali ya breki yenye mkono uliofungwa kwenye ekseli ya nyuma. Mkia ukiinuliwa na springi mpya, vali huona gari ni tupu, ikapunguza breki za nyuma. Fundi airekebishe kabla hujatoka gereji.

Na springi mpya haziongezi uzito ambao kiwanda kimeruhusu gari lako kuvuta.