Gia na Rafadha: Namna Mashine Inavyosukuma Boti

Vijana wa kwetu Gare wanaotaka kushuka Tanga kujifunza ufundi wa mashine za boti, kazi ninayoifanya hapa pwani, huniuliza kwanza: mashine ya farasi wangapi ndiyo nzuri? Nawajibu kwamba idadi ya farasi ni nusu ya habari. Nusu ya pili iko chini ya maji, kwenye gia na rafadha. Ukizielewa hizo mbili utaokoa mafuta, utaokoa mashine, na iko siku utaokoa watu.

Kwa nini boti ina gia

Aliyewahi kupanda kutoka Mombo hadi Lushoto na gari lililojaa viazi anajua dereva hufanya nini: anashusha gia, injini inazunguka haraka, magurudumu yanakwenda polepole, mzigo unapanda. Kwa boti, mlima huo hauishi, maana maji yanaikaba safari nzima. Kwa hiyo mashine nyingi za kufunga nyuma zina gia moja tu ya kwenda mbele, nayo ni nzito.

Chukua Yamaha ya farasi 15 ya mipigo miwili. Gia yake ndogo ina meno 13, kubwa ina 27. Injini ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, rafadha inazunguka kama mara 2,400. Rafadha ikizungushwa kasi kupita kiasi, maji yanayoizunguka hutoa mapovu, na mapovu hayo yakipasuka hula chuma chake.

Injini za mvuke hazikuhitaji mpango huu. MV Liemba, iliyojengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 na kuletwa Kigoma vipande vipande, ilianza na mvuke. Injini ya namna hiyo huzunguka polepole, na inaweza kugeuzwa izunguke kinyume ili meli irudi nyuma. Dizeli na petroli zina kasi kubwa zaidi, na nyingi huzunguka upande mmoja tu. Hapo ndipo giaboksi inapohitajika.

Ndani ya mguu wa mashine

Shafti ndefu inashuka wima kutoka kwenye injini. Mwisho wake una gia ndogo iliyoshikana na gia mbili kubwa, moja ya mbele na moja ya nyuma. Injini ikiwaka, zote mbili huzunguka, kila moja upande wake, bila kuigusa rafadha. Katikati yao kuna klachi yenye meno mapana. Ukivuta mkono wa gia, klachi inasogea na kuuma gia mojawapo. Ikibaki katikati, uko frii.

Basi punguza moto kabisa, kisha ingiza gia mara moja kwa mkono thabiti. Ukiisukuma taratibu, pembe za meno hugongana na kulika, na baadaye gia huanza kuchomoka yenyewe mzigo unapozidi.

Kuchagua rafadha

Rafadha ina vipimo viwili: kipenyo na hatua. Hatua ni umbali ambao ingesogea kwa mzunguko mmoja kama maji yasingeteleza. Hatua ya inchi 10, sawa na sentimita 25, kwa mizunguko 2,400 inatoa kama kilomita 36 kwa saa. Boti yenyewe haifiki huko, na kadiri mzigo unavyoongezeka ndivyo mtelezo unavyozidi.

Ipime ukiwa na mzigo wako wa kawaida. Fungua moto wote, usome mizunguko kwa takometa. Yamaha hiyo inatakiwa iwe kati ya 4,500 na 5,500. Ikikwama chini ya hapo, tafuta rafadha yenye hatua ndogo: kila inchi moja unayopunguza huongeza mizunguko kama 150 hadi 200. Ikipita juu, ongeza hatua.

Utunzaji

Badilisha oili ya gia baada ya saa 10 za kwanza, kisha kila baada ya saa 100. Fungua skrubu zote mbili uimwage. Oili mpya iingizie tundu la chini mpaka itokee la juu, ili hewa isibaki ndani. Ile ya zamani ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Ukiona vipande vya chuma, usiiwashe kabla fundi hajaifungua.

Mara nyingi anayeingiza maji ni mshipi wa kuvulia. Hujizungusha kwenye shafti nyuma ya rafadha na kukata sili. Chomoa rafadha mara kwa mara, ondoa uzi wote, paka grisi.

Mwisho, kagua kitovu cha rafadha. Mashine ndogo zina pini na nyingine zina mpira, vyote vimewekwa viharibike kwanza ukigonga mwamba ili gia zipone. Pini ikikatika usiweke msumari mgumu badala yake, kwa sababu kishindo kinachofuata kitavunja meno ya gia, na gia haitengenezwi baharini. Beba pini au rafadha ya akiba, spana yake, na makasia. Kabla hujasukuma boti majini, hakikisha vyote vimo ndani.