Dondoo muhimu: Dansi ya barafu kwa mtu mzima wa Mpwapwa

Uwanja wa barafu wa hoteli ya Panari, Nairobi, ulifunguliwa mwaka 2005. Kutoka Mpwapwa ni safari ndefu, kwa hiyo kazi kubwa ifanye nyumbani kabla hujakata tiketi.

Anza na magoti. Simama kwa mguu mmoja, goti limekunjwa, kifua wima, uhesabu hadi 30 bila kuyumba, kisha badili. Chuma cha kiatu kina kingo mbili, wa ndani na wa nje, na mchezaji huegemea mmoja kwa wakati. Ukikaza goti, huwezi kuuegemea. Watu wazima wengi huogopa ule wa nje. Upe muda kuliko kitu kingine chochote.

Kuanguka nako hujifunzwa: chuchumaa, angukia upande wa paja, kunja vidole. Usijikinge kwa kiganja, maana kifundo cha mkono huvunjika upesi. Vaa kofia ngumu.

Umri usikutishe. Dansi ya barafu haina kumrusha mwenzio wala kumbeba juu ya kichwa, inataka sikio. Wanawake wa Kigogo waliokulia kwenye ngoma ya muheme wanajua tayari kufuata mdundo kwa pamoja, na hiyo ni hazina kubwa.

Dansi ya kwanza iwe Dutch Waltz: wawili huenda mbele tu, ubavu kwa ubavu. Hesabu moja, mbili, tatu kwa sauti. Viatu vya kukodi vibane kisigino. Soksi iwe moja, nyembamba.