Akiba Haiozi: Mapishi ya Wakapampanga

Kaskazini ya mji wa Manila, katika kisiwa cha Luzon nchini Ufilipino, liko jimbo liitwalo Pampanga. Ni nchi ya tambarare, yenye mto mkubwa, mashamba ya mpunga na mabwawa ya samaki. Wenyeji wake ni Wakapampanga, na jina lao lina maana ya watu wa ukingo wa mto. Katika Ufilipino nzima wanasifiwa kwa upishi. Vyakula vya anasa wanavyo, hasa vile walivyojifunza kwa Wahispania, waliotawala hadi 1898. Lakini baadhi ya vyakula vyao mashuhuri vilizaliwa na desturi ya kutotupa kitu. Nitaeleza vitatu.

Cha kwanza ni buru. Mpishi huchukua wali uliopoa, akautia chumvi, akauchanganya na samaki au uduvi, kisha akaushindilia katika mtungi na kuufunika. Baada ya siku kadhaa wali huwa mchachu na laini. Je, mbona hauozi? Sababu ni hii: chumvi huvizuia vijidudu viletavyo uozo, bali vijidudu vingine, ambavyo haviogopi chumvi sana, hula wanga wa wali na kutoa asidi. Asidi hiyo ndiyo mlinzi wa chakula. Halafu buru hukaangwa kwa vitunguu na vitunguu saumu, ikaliwa pamoja na samaki na majani ya haradali yaliyochemshwa. Hivyo watu waliweza kuweka samaki akiba zamani, kabla ya kuwako mashine za barafu.

Cha pili ni kamaru, yaani chenene, wale wadudu wachimbao ardhi ya mashamba ya mpunga. Kwa mkulima chenene ni adui, maana hukata mizizi ya mimea. Wakapampanga huwakamata, huwatoa miguu na mabawa, huwachemsha katika siki na chumvi, kisha huwakaanga kwa nyanya na vitunguu. Basi adui wa shamba amekuwa kitoweo.

Cha tatu ni sisig. Padre Diego Bergaño, mtawa wa shirika la Mt. Augustino, aliliandika neno hilo katika kamusi yake ya 1732. Wakati ule sisig ilikuwa matunda mabichi, kama papai au pera, yaliyotiwa siki, chumvi, pilipili na kitunguu saumu. Baadaye karibu na mji wa Angeles palikuwa na Clark, kambi kubwa ya ndege za jeshi la Marekani, iliyodumu hadi 1991. Husimuliwa kwamba wapishi wa kambini hawakuwa na haja ya vichwa vya nguruwe, navyo viliuzwa kwa bei rahisi. Wenyeji wakavinunua. Mwaka 1974 Lucia Cunanan, mama mwenye kibanda cha chakula karibu na reli, alianza kuuza masikio na mashavu ya nguruwe yaliyochemshwa, yakachomwa juu ya makaa, yakakatwakatwa na kutiwa vitunguu, pilipili na siki. Watu wakamiminika. Mwaka 2017 halmashauri ya Angeles ilipitisha sheria ndogo ya kuitambua sisig kuwa urithi wa mji. Kichwa kilichokataliwa kimekuwa fahari ya mji!

Ndugu wasomaji, sisi tuliokaa darasani tu wepesi wa kuona haya. Mgeni akitukuta tunakula kumbikumbi, twaficha sahani, kana kwamba chakula cha mama zetu ni aibu. Wakapampanga hawakuficha sahani zao. Walizipika vizuri zaidi, hata wageni wakaja kuomba. Tena katika mtungi wa buru mna somo la kemia, ambalo akina mama walilijua kwa mikono yao kabla halijaandikwa vitabuni. Tukirudi nyumbani likizo, tuwaulize mama zetu wanavyohifadhi chakula, nasi tuandike. Akiba haiozi, lakini elimu isiyoulizwa hupotea.