Krismasi ya Wadogo Wetu: Somo la Hori na Gunzi la Hindi

Mhariri ametutaka kila mmoja aeleze jambo aliloweza kumfundisha mtu mwingine. Najua wengi watachagua ngeli na tamathali za usemi. Mimi hizo nimewaachia wenyewe. Nitaeleza jinsi nilivyowafundisha watoto wa kwetu maana ya Krismasi Desemba iliyopita, na nilivyokuwa nimeharibu kabla ya hapo.

Sisi wa shule ya kutwa mnatujua. Shule zikifungwa, mama akishaondoka na mboga zake kwenda sokoni, wewe ndiwe mpishi, askari na mwalimu. Wanafunzi wangu walikuwa watatu: mdogo wangu wa miaka sita, dada yake wa miaka minne, na binamu yetu wa miaka saba aliyeletwa likizo kwa nyanya. Kwetu ni Vihiga, na nyumba ya nyanya imepakana na yetu, kwa hivyo darasa lilikuwa popote penye kivuli.

Kuharibu kwenyewe kulikuwa hivi. Mwaka uliotangulia nilimwambia mdogo wangu kwamba Baba Krismasi huwaletea zawadi watoto wenye tabia njema. Kusema kweli nilitaka tu achote maji bila kunung'unika. "Chota maji, Baba Krismasi anakuona." Naye akachota mwezi mzima! Sikukuu ikafika. Baba alikuwa kwenye kazi ya mjengo Nairobi na mwenye kazi hakuwa amewalipa, basi hapakuwa na nguo mpya wala peremende. Mtoto wa jirani, ambaye mwezi wote alikuwa akiwatupia kuku wetu mawe, akapata viatu vinavyowakawaka taa kwenye kisigino. Mdogo wangu hakulia. Usiku tukiwa kitandani akaniuliza, "Dada, mimi nilifanya nini kibaya?"

Nilikosa la kumjibu. Mtoto ukimwambia zawadi ni malipo ya tabia njema, siku mfuko wa baba ukiwa mtupu yeye ataona makosa ni yake. Hapo ndipo nilipoapa kwamba mwaka unaofuata nitaanza upya.

Nilianza na huyo Baba Krismasi mwenyewe, kwa sababu huwezi kumwondoa mtu hivi hivi bila maelezo. Niliwaambia kwamba asili yake ni askofu mmoja aliyeitwa Nikola, wa mji wa Myra, katika nchi ambayo leo ni Uturuki, zaidi ya miaka 1600 iliyopita. Inasimuliwa kwamba alisikia habari za maskini mwenye binti watatu aliyeshindwa kuwaoza kwa kukosa mahari ya kuwatolea, akamtupia dhahabu nyumbani usiku ili asijulikane ni nani. Binamu yangu akauliza kama wale wasichana walikuwa na tabia njema. Nikamwambia hadithi haisemi askofu aliuliza. Mdogo wangu alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Basi wewe ulinidanganya." Nikakubali. Jamani, kukubali kosa mbele ya mtoto wa miaka sita ni kazi ngumu kuliko mtihani wa hesabu.

Baada ya hapo tukaanza kuhesabu siku. Makanisa mengi yana majuma manne ya Majilio kabla ya Krismasi, lakini mtoto hajui juma ni kitu gani. Niliweka punje 24 za mahindi kwenye kifuniko cha kopo, na kila jioni mmoja wao anahamisha punje moja hadi kwenye kopo baada ya kuomba. Siku ya tisa nilisahau kifuniko dirishani, jogoo wa nyanya akazidonoa zote. Yule mdogo kabisa akapiga yowe, "Kuku amekula Krismasi!" Nyanya akacheka mpaka akakaa chini. Akasema, "Mwacheni, wajukuu zangu. Huyo naye tutaonana." Tukaendelea na maharagwe.

Sasa kisa chenyewe. Ushauri wangu ni kwamba usiwasomee watoto sura nzima. Soma kidogo kidogo katika Luka sura ya 2, halafu funga kitabu uwaonyeshe kitu. Luka anasema Kaisari Augusto aliamuru watu waandikishwe, na kila mtu akaenda mji wa kwao. Sensa yetu ya mwaka 2019 mimi naikumbuka, lakini sisi tulihesabiwa pale tulipolala usiku wa tarehe 24 Agosti, bila safari. Yusufu ilimbidi atoke Nazareti hadi Bethlehemu, mwendo wa zaidi ya kilomita 100, na Mariamu ni mjamzito. Mdogo wangu akaruka: "Kumbe Yusufu alikuwa anaenda ushago!" Kisha akauliza, "Na nauli ilikuwa imepanda?"

Nyinyi mnaosafiri Desemba mnajua kwa nini aliuliza. Baba alikuwa amepiga simu wiki ile, akasema nauli imepanda na malipo yake bado, pengine hatafika. Nikajibu kwamba Yusufu hakuwa na matatu, lakini alipofika hapakuwa na nafasi penye wageni. Wote watatu waliielewa hiyo kabisa.

Hori halikunipa taabu. Mashamba ya kwetu ni madogo, ng'ombe hachungwi bali hukatiwa nyasi na kulishwa zizini, katika hori la mbao. Niliwapeleka pale. "Mtoto alilazwa kwenye kitu kama hiki." Binamu akachungulia ndani, akaona makapi na mate ya ng'ombe, akasema, "Hapana. Hapa hapana." Hakuna mahubiri niliyowahi kuyasikia yaliyonifikia kama uso wake wakati ule.

Tukatengeneza hori letu kwa katoni ya sabuni na nyasi kavu. Watu na ng'ombe tuliwafinyanga kwa udongo wa mtoni, na mtoto Yesu akawa gunzi la hindi lililofungwa kitambaa cha leso kuukuu. Niliwaambia kwamba hata Mtakatifu Fransisko wa Asizi aliona watu wanahitaji kuona kwa macho. Mwaka 1223 alitengeneza hori lenye nyasi katika kijiji cha Greccio huko Italia, akamleta ng'ombe na punda wa kweli. Punda wetu alikataa kusimama, tukampa mguu wa tano.

Mahali pengine nilipojikwaa ni kwa mamajusi. Nilifinyanga watatu nikijiona msomi. Nyanya, ambaye miwani yake ina mguu mmoja tu, akaniambia, "Mjukuu wangu, hebu nionyeshe hiyo tatu." Nikafungua Mathayo sura ya 2. Wapi! Zawadi ndizo tatu: dhahabu, uvumba na manemane. Idadi ya watu haikutajwa. Na zaidi ya hayo, Mathayo anasema waliingia nyumbani, sio zizini. Kwa hivyo wasomaji wangu, someni kwanza kabla hamjafundisha. Watoto walifurahi kwa sababu sasa waliruhusiwa kufinyanga mamajusi wengi wapendavyo. Walifika kumi na mmoja, timu kamili.

Jirani yetu mwingine ni Mwislamu na mtoto wake alikuwa akija kufinyanga pia. Alituambia kwamba kwao Qurani ina sura inayoitwa Maryam, na humo Isa anazaliwa chini ya mtende. Wadogo wangu wakataka mtende uongezwe. Hapo niliwaeleza kwamba dini zetu hazisimulii mambo sawa, na kwamba katika hori letu tunafuata Luka, lakini yeye ni rafiki na mtende wake utakaa mezani karibu.

Kuhusu tarehe nilipita haraka. Biblia haitaji siku wala mwezi. Kumbukumbu ya zamani inayojulikana ya kuadhimisha 25 Desemba inatoka Roma, mwaka 336. Majirani zetu Wakristo wa Othodoksi wa Ethiopia hufuata kalenda nyingine, hivyo Krismasi yao kwa kawaida huangukia tarehe 7 Januari. Sikudhani kuna aliyekuwa akisikiliza.

Siku yenyewe tulienda kanisani na nguo za mwaka juzi, zimefuliwa na kupigwa pasi. Chapati zilikuwako, mbili mbili kila mtu. Yule jogoo mla Krismasi alichinjwa kama alivyoahidiwa. Kwetu firigisi ni ya mwenye boma, na mwenye boma hakuwapo. Mama alitaka kuwagawia watoto, mdogo wangu akakataa katakata. Ikatiwa chumvi, ikaning'inizwa juu ya meko.

Baba alifika tarehe 28 usiku, amebeba mkoba tu. Alisimama mlangoni akasema, "Wanangu, mnisamehe, Krismasi imenipita." Mdogo wangu akamvuta mkono, akamwonyesha katoni na gunzi letu, kisha akamwambia, "Haijapita, baba. Ya Ethiopia bado." Akapanda kwenye kigoda akaishusha firigisi. Ilikuwa imekauka kama ngozi ya kiatu na kunuka moshi. Baba aliichukua, akaitazama, akamwomba mama kisu, akaikata vipande sita, hata cha nyanya.