Upatanisho wa Kisarufi na Vifaa vya Kuhesabia katika Hisabati ya Watoto

Mwalimu wa chekechea anapowapa watoto mbegu, vijiti au mawe ya kuhesabu kwa Kiswahili, huwa anafundisha hisabati na sarufi kwa wakati mmoja. Makala haya yanadai kuwa uteuzi wa vifaa hivyo hauna budi kuzingatia ngeli za majina yake.

Maumbo tunayotumia kuhesabia, yaani moja, mbili, tatu, nne na tano, ni yale yale ya ngeli ya I-ZI. Mtoto anayehesabu punje za mahindi hadi 'mbili' hujibu pia 'punje mbili'. Akipewa vijiti, huhesabu 'moja, mbili', kisha hutarajiwa kujibu 'vijiti viwili'. Mawe nayo yatakuwa 'mawili'. Sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki, ilhali nane hubadilika: 'vijiti vinane'. Mtoto akijibu 'vijiti mbili', asihukumiwe kuwa hajui hesabu. Idadi ameipata, kilichomponyoka ni upatanisho.

Kwa mintarafu hii, tunapendekeza hatua tatu. Kwanza, aanze na mbegu au punje. Aguse kila moja mara moja tu, na aelewe kuwa neno la mwisho ndilo jibu la swali 'ngapi?'. Pili, mbegu tatu, vijiti vitatu na mawe matatu vipangwe kwa safu zinazoelekeana, ili macho yathibitishe kuwa kiambishi kimebadilika lakini idadi ni ile ile. Tatu, vijiti vifungwe matita ya kumi kumi. 'Vijiti kumi na vitatu' hujieleza: tita moja na vijiti vitatu. Hata hivyo, ishirini, thelathini, arobaini na hamsini, maneno yenye asili ya Kiarabu, hayamdokezei mtoto idadi ya makumi yaliyomo, tofauti na sitini, sabini na tisini ambazo zina mwangwi wa sita, saba na tisa. Hapo ndipo matita mawili mkononi yanapomfafanulia maana ya ishirini.

Ikumbukwe kuwa Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza lugha ya eneo itumike kufundishia katika madarasa matatu ya mwanzo. Panapotumika Kiswahili, mwanafunzi wa isimu anayefahamu ngeli ana mchango wa kutoa katika somo la hisabati. Asipoutoa, kosa la sarufi litaendelea kusahihishwa kama kosa la hesabu, na mtoto ndiye atakayebeba lawama.