Nyumba Inauza, Inauzwa au Inauzika?

Mkipita barabara ya Karatina hadi Nanyuki, Mlima Kenya ukiwa mkono wa kulia, mtaona vibao vya PLOTI INAUZWA. Mara nyingine, ukutani, mtasoma: NYUMBA HII HAIUZWI. Somo letu la mnyambuliko tulitoe huko huko barabarani.

Kuna wanaoandika "nyumba inauza". Jamani, inauza nini, mandazi? Hapo nyumba imegeuzwa mtendaji. Tunataka kauli ya kutendwa: mzizi -uz-, kisha -w-. Tukikanusha: ha-i-uz-w-i. Hiyo i ya kwanza ni ya ngeli ya I-ZI, ya mwisho ni ya ukanushi.

Lakini kauli hii ina ujanja wake, humficha mtendaji. Inauzwa na nani? Baba ana hati miliki mfukoni, mama yuko shambani hana habari, na mgeni tayari anapima uwanja kwa hatua. Ndipo kauli ya kutendewa inapouma. "Mama aliuziwa nyumba" yaweza kuwa heri, yaani aliinunua. Ongeza neno moja tu, "Mama aliuziwa nyumba yake", basi hicho ni kilio: imeuzwa juu ya kichwa chake.

Ndio maana jamaa hukimbilia brashi na rangi. Ila HAIUZWI ya ukutani humwonya mnunuzi tu. Sheria inataka kauli ya kutendeka: haiuziki! (Ingawa nyumba iliyokosa wateja nayo husemwa haiuziki.) Kwa Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013, katika ndoa ya mke mmoja, mali ya ndoa haiuziki bila idhini ya mume na mke. Tena nyumba ikiwa ndani ya shamba la kahawa au viazi, kuna sheria ya 1967 ya kudhibiti ardhi ya kilimo: pasipo idhini ya bodi ya ardhi, mauzo hayana nguvu. Mwenye haki anaweza pia kuomba kizuizi kiandikwe katika masjala ya ardhi, mahali ambapo mvua haifuti rangi.

Zoezi: Tofautisha haiuzi, haiuzwi na haiuziki kwa sentensi zako mwenyewe. Kisha chukua hii, "Nyumba ya nyanya imeuzwa", uiandike upya mara mbili: kwanza umtaje aliyeuza, halafu umtaje aliyeuziwa.